NUKTA MOJA ISIPUUZWE

Waliopitia chuo cha Kurani hawahitaji kuelezwa uzito wa nukta. Ikikaa moja chini ya herufi ni ba. Zikikaa mbili juu yake ni ta. Zikiwa tatu ni tha. Umbo ni lile lile, lakini neno limegeuka. Mtoto aliyekosea alirudishwa mwanzo wa mstari, wala hapana mzazi aliyelalamika.

Twakumbusha jambo hili kwa ajili ya watoto wasioona, ambao kusoma kwao kote ni kwa nukta. Mwandiko aliouchapisha Mfaransa Louis Braille mwaka 1829, ambao sisi twauita nukta nundu, hujengwa kwa seli yenye nukta sita. Sita hizo hutoa maumbo 63 tu. Kwa maumbo hayo hapana budi ziandikwe herufi, tarakimu, hesabu na, siku hizi, lugha ya kompyuta. Kwa kuwa hayatoshi, umbo moja hubeshwa maana zaidi ya moja, na msomaji hutegemea kanuni ili ajue ni ipi iliyokusudiwa.

Katika Manispaa ya Shinyanga ipo Shule ya Msingi Buhangija, inayojulikana nchini kote kwa kuwalea watoto wasioona, viziwi, na wenye ualbino, ambao wengi wao uoni wao ni hafifu. Mauaji ya watu wenye ualbino yalipoitia aibu Kanda ya Ziwa, hasa kuanzia mwaka 2007, shule hiyo ilikuwa kimbilio. Kumlinda mtoto ni wajibu wa kwanza. Wajibu wa pili ni kumpa elimu ile ile wapewayo wenzake, na elimu ya leo ina kompyuta ndani yake. Dhahabu ya Geita yenyewe haitoki ardhini siku hizi bila ya kompyuta kuhusika. Kijana asiyeona anayeweza kuandika programu anaweza kuajiriwa mahali ambapo macho si sharti.

Wapo wasemao kwamba jambo hili limekwisha kutatuliwa: inunuliwe mashine ya kuchapa nukta nundu, iwekwe programu ya kugeuza maandishi, kazi imekwisha. Ni kweli programu hizo zipo. Ipo Duxbury ya Marekani, ambayo huuzwa. Ipo Liblouis, ambayo hutolewa bure na ina kanuni za Kiswahili pia. Kwa kitabu cha hadithi au cha historia zinafanya kazi njema. Kwa maandishi ya kompyuta, programu isiyoelekezwa hupotosha.

Tuchukue mfano mmoja. Neno “print” ni miongoni mwa amri za kwanza afundishwazo mwanafunzi wa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Nukta nundu ya Kiingereza ina ufupisho: i na n zikifuatana huandikwa kwa seli moja, yenye nukta ya 3 na ya 5. Katika mwandiko wa kompyuta uliotumika Marekani kwa miaka mingi, seli hiyo hiyo ni tarakimu 9. Mtoto aliyefunzwa mwandiko huo akiletewa amri iliyofupishwa, kidole chake kitasoma p, r, 9, t. Si yeye aliyekosea. Aliyekosea ni aliyemtayarishia ukurasa. Ndiyo maana kanuni zinataka programu za kompyuta ziandikwe herufi kwa herufi, bila ufupisho.

Hata nafasi tupu ina maana. Katika Python, nafasi zilizo mwanzoni mwa mstari ndizo zinazoonyesha amri ipi iko chini ya ipi. Programu ya kugeuza, ikidhani inapanga aya ya kawaida, huziondoa na kuunganisha mistari. Mstari wa nukta nundu nao huchukua seli zipatazo 40 tu. Amri ndefu ikikatwa, kanuni mpya za Kiingereza huagiza iwekwe nukta ya 5 mwishoni ili msomaji ajue kwamba mstari unaendelea. Tena kuna alama za kunukuu, ambazo programu za uandishi huzipinda zenyewe ili zipendeze machoni. Kompyuta haizipokei, na kidole huzikuta ni alama nyingine.

Dawa yake si ghali. Mtayarishaji huitenga sehemu ya kompyuta, huiambia programu isifupishe wala isipange upya, kisha hupima urefu wa mistari na kumpa msomaji asiyeona ahakiki kabla ya kuchapa. Lakini dawa hiyo yahitaji mtu aliyefunzwa. Mashine bila mtu huyo huchapa makosa kwa kasi.

Kwa viongozi wetu twasema hivi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imekwisha kutamka haki ya elimu. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 nayo yanamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii, akubaliane na halmashauri. Basi halmashauri zinapoketi kuujadili mpango huo, mafunzo ya watayarishaji wawili au watatu wa nukta nundu yawemo, pamoja na madarasa na madawati.

Na kwa ndugu zetu wa Ukerewe, Kome na Maisome: kitabu cha nukta nundu ni kizito na kivuko kina ratiba yake, lakini faili iliyotayarishwa vizuri mara moja huvuka ziwa kwa dakika, ikachapwa popote penye mashine. Mzazi mwenye mtoto asiyeona asimfiche nyumbani. Ampeleke shule, kisha aulize vitabu vyake vimetayarishwa na nani.

Mwalimu wa chuo hakuwahi kusema kwamba nukta moja ni kitu kidogo. Nasi tusiseme.