Je, Wajua? Ua la Vinka na Seli Zake Maabarani

Je, wajua kwamba vinka, ua la petali tano lenye asili ya Madagaska, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, na ambalo leo huota hata kwenye mchanga wa pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ndilo chanzo cha vinblastini na vinkristini, dawa za saratani, ya pili ikitumika kutibu saratani ya damu ya watoto? Jani lake likichumwa hutoa utomvu mweupe, ambao ni sumu ukimezwa, lakini dawa iliyomo ni haba mno, kiasi kwamba gramu moja ya vinblastini huhitaji takribani kilo 500 za majani makavu.

Kwa hiyo wanasayansi walijaribu kuotesha seli zake maabarani: kipande cha jani kilichosafishwa vijidudu huwekwa juu ya rojo iliyoganda yenye sukari, madini na homoni za mimea, nacho huota kalusi, yaani donge la seli zisizo na umbo la mzizi wala jani, ambalo baadaye huhamishiwa kwenye chombo cha majimaji kinachotikiswa daima. Seli hizo hutengeneza ajmalisini, kemikali inayopunguza shinikizo la damu, ila vinblastini karibu hazitoi kabisa, kwani sehemu yake moja, vindolini, hukamilishwa ndani ya seli maalumu za jani halisi, ustadi wa ajabu kwa mmea mdogo hivyo. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba hamira iliyopandikizwa jeni za vinka imetengeneza vindolini na sehemu ya pili, katharanthini, ambazo ziliunganishwa kikemia zikawa vinblastini.