Nauli Inapozidi Bei ya Kitambaa

Katika vyama vyenye vikundi vya ushonaji hujitokeza jambo ambalo baadhi ya makatibu hulieleza kwa mshangao. Kitambaa kinachoagizwa ng'ambo kwa njia ya intaneti huonekana kuwa cha bei nafuu katika orodha ya duka, lakini ankara inapotolewa, nauli huwa imelingana na bei ya kitambaa chenyewe au imeipita. Wanachama wanapoelezwa hayo mkutanoni, huanza kumtilia shaka katibu, na katibu naye humtilia shaka mwenye duka. Aghalabu hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni kufahamu jinsi nauli hiyo inavyopimwa.

Malalamiko hayo yana asili yake kwa washonaji wa mifarishi wa Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Mfarishi wa namna yao ni shuka nene yenye tabaka tatu: juu ni vipande vidogo vya pamba vilivyoungwa kwa mapambo, katikati ni pamba ya kujazia, na chini ni bitana, kisha tabaka zote hushikizwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini. Kazi ya namna hii hudai rangi nyingi kwa vipimo vidogo, na ni nadra duka moja kuwa nazo zote. Kwa hiyo mshonaji huagiza yadi moja huku, nusu yadi kule, na kila duka hutoza nauli yake. Vitenge na khanga za Afrika Mashariki nazo hupendwa na baadhi ya washonaji hao, na hapo ndipo vyama vya ushirika vinapoingia katika habari hii, mara vikiwa wauzaji, na mara vikiwa wanunuzi wa kitambaa maalumu alichokitaka mteja wa ng'ambo.

Yafaa kuanza na uzito. Kitambaa cha pamba cha kushonea mifarishi huwa na upana wa inchi 44 hivi, na yadi moja hukadiriwa kuwa na gramu 150. Yadi sita au saba basi hufanya kilo moja. Mfarishi wa kitanda kikubwa hula yadi nane hadi kumi na zaidi, yaani kilo moja na nusu hivi, kabla ya bitana na pamba ya kujazia. Maduka huuza pia kwa robo, na robo hiyo hukatwa kwa namna mbili: ama ukanda mrefu wa inchi 9 kwa 44, ama kipande kipana cha inchi 18 kwa 22. Eneo ni lile lile na uzito ni ule ule. Tofauti ni matumizi tu.

Nauli ya kifurushi haipandi sawasawa na uzito. Sehemu kubwa yake hulipiwa kabla hata ya kilo ya kwanza kutimia: kupokea kifurushi, kukiandikia hati, kukichambua, kukipitisha forodhani na kukifikisha mlangoni kwa mpokeaji. Kazi hizo ni zile zile kwa yadi moja na kwa yadi ishirini. Ndiyo maana anayeagiza yadi moja huumia kuliko wote.

Tena kuna uzito wa ujazo. Makampuni ya kupeleka vifurushi kwa ndege kati ya nchi na nchi hupima sanduku kwa sentimita, huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kisha hugawanya kwa 5,000. Jawabu huitwa kilo, na mteja hutozwa kwa kilo hizo au kwa zile za mizani, ipi iliyo kubwa. Sanduku la sentimita 40 kwa 30 kwa 25 huhesabiwa kuwa kilo 6, hata likiwa limejaa manyoya. Kitambaa kilichokunjwa vizuri na kubanwa ni kizito kwa ujazo wake, hivyo kwa kawaida hutozwa kwa mizani. Pamba ya kujazia ndiyo yenye hasara, kwa maana ni nyepesi na hujaa sanduku. Anayeiagiza pamoja na kitambaa bila kuibana katika mfuko uliotolewa hewa hulipia hewa kwa bei ya mzigo. Kitambaa kilichozungushiwa ubao wa jora nacho huongeza ujazo na uzito pasipo faida. Yafaa kuliomba duka likikunje bila ubao.

Ndani ya Marekani kwenyewe, posta ya nchi hiyo ina masanduku yenye nauli moja, ambayo mtumaji hujaza awezavyo kwa bei ile ile mradi asizidishe ratili 70. Washonaji wa huko huyapenda sana kwa kuwa kitambaa ni kizito na hujipanga vizuri sandukuni. Lakini sanduku hilo likivuka mpaka wa nchi, nauli hupanda mara nyingi na kikomo cha uzito hushushwa.

Juu ya nauli huja kodi, nazo zimezidi katika miaka ya karibuni. Uingereza iliondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa vifurushi vya chini ya pauni 15 tarehe 1 Januari 2021, na Umoja wa Ulaya ukaondoa ule wa chini ya yuro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani, iliyokuwa ikiruhusu vifurushi visivyozidi dola 800 kuingia bila ushuru tangu 2016, ilisimamisha ruhusa hiyo kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikaacha kwa muda kupokea vifurushi vya kwenda huko. Chama kinachomwuzia mteja wa nchi hizo khanga au vitenge hakina budi kuulizia masharti ya siku hiyo kabla ya kutaja bei.

Dawa inayojulikana zaidi ni kuagiza pamoja. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, yadi moja ni dola 12. Kikundi kikiagiza yadi 4 kwa nauli ya dola 45, jumla ni dola 93, na kila yadi imesimama kwa dola 23 na senti 25. Vikundi sita vikikusanya maagizo yao kuwa yadi 24 kwa nauli ya dola 110, jumla ni dola 398, na yadi husimama kwa dola 16 na senti 58 hivi. Duka ni lile lile na kitambaa ni kile kile. Chama kilichowahi kukodi lori moja kusomba pamba ya wakulima mia hakihitaji kufundishwa jambo hili upya, ila mara nyingi husahauliwa mzigo unapokuwa mdogo.

Kuna njia nyingine iliyo bora pale inapowezekana, nayo ni kumwacha mteja alete kitambaa chake. Akina mama Weusi wa Wilcox, katika jimbo la Alabama, walioanzisha ushirika wao wa mifarishi uitwao Freedom Quilting Bee mwaka 1966, walipata mwaka 1972 kandarasi ya kuishonea kampuni ya Sears foronya za kodrai. Mabaki ya kodrai hiyo waliyashonea mifarishi, ambayo leo hutajwa miongoni mwa kazi zao mashuhuri. Mabaki hayo hawakuyaagiza dukani wala hawakuyalipia nauli ya peke yake.

Lililo zito zaidi kwa makatibu liko katika vitabu vya hesabu. Katika ukaguzi hukutwa kitambaa kimeandikwa kwa bei ya duka, na nauli imetupwa katika fungu la matumizi mengineyo. Kwa mfano wa hapo juu, mkoba uliotumia yadi moja hupangiwa bei kwa kuhesabu dola 12, ilhali yadi hiyo imekigharimu chama zaidi ya dola 23. Kila mkoba unaouzwa huonyesha faida kwenye karatasi na kupunguza fedha sandukuni. Mwisho wa mwaka wanachama hutangaziwa ziada ambayo haipo, na wakidai mgawo wao, katibu ndiye anayetafutwa.

Kwa hiyo nauli, bima, ushuru na malipo ya wakala wa forodha yote yaingizwe katika gharama ya mali, yagawanywe kwa idadi ya yadi zilizopokelewa, si zilizoagizwa. Ikumbukwe pia kwamba katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo uliokuja kwa meli hutozwa ushuru juu ya bei ikiwa imejumlishwa na nauli na bima. Kwa hiyo nauli ikipanda, ushuru nao hupanda. Ankara ya duka, stakabadhi ya nauli na hati ya forodha zifungwe pamoja katika jalada moja, na bei ya kuuzia isipangwe mpaka zote tatu zimefika.