Udongo Hauna Namba Moja

Ndugu msikilizaji, wiki hii nataka kuzungumzia jambo ambalo ukilisikia haraka haraka utadhani ni la watoto. Nazungumzia michezo ya kompyuta, ile ya mashindano ya pikipiki katika njia za udongo. Nakuomba usizime redio. Ndani ya mchezo huo limo somo linalowahusu wote wanaopanda bodaboda, na hao siku hizi ni wengi mno.

Hivi karibuni nilikuwa Kasulo, wilayani Ngara, katika mji mdogo ambao wengi wanaufahamu kwa jina la Benaco. Ni pale pale ambapo mwishoni mwa Aprili 1994 walipokelewa wakimbizi wapatao 250,000 waliovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Leo malori yanapita kwenye lami kuelekea Rusumo, lakini ukiiacha barabara kuu na kuingia vijijini, unakutana na udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, masika ni utelezi.

Katika kibanda kimoja cha kutengeneza simu nilimkuta kijana ambaye kazi yake ni bodaboda. Alikuwa ameinamia kompyuta, anachora njia ya mashindano. Michezo mingi ya aina hii humruhusu mchezaji kujitengenezea njia yake mwenyewe. Wala si jambo geni, kwani mchezo wa Excitebike, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1984, tayari ulikuwa na sehemu ya mchezaji kupanga matuta na vipande vya tope apendavyo.

Kijana yule alikuwa ameichora barabara ya kijijini kwao. Mteremko upo, kona ipo, kalavati lipo, na bondeni kuna tope. Kwa macho ilikuwa kazi nzuri. Lakini alipoijaribu, pikipiki ilipita kwenye tope kama inayopita kwenye lami. Kisa ni nini? Njia yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, alikuwa ameipa namba moja ya mshiko.

Namba ya mshiko ni nini? Tairi haliwezi kusimama wala kukata kona ila kwa kushika ardhi. Nguvu ya kushika hutokana na mambo mawili, yaani uzito unaolikandamiza tairi na hali ya ardhi yenyewe. Hali hiyo ya ardhi ndiyo inayoandikwa kwa namba. Kwa makadirio, lami kavu ni kama 0.8. Changarawe iliyolegea ni kama 0.4. Tope la utelezi hushuka hadi 0.2, na pengine chini ya hapo.

Hebu tuzitafsiri namba hizo kwa mita. Chukua pikipiki iendayo kilomita 40 kwa saa. Breki zikikamata vizuri kwenye lami kavu, itasimama katika mita 8 hivi. Kwenye changarawe iliyolegea itahitaji mita 16. Kwenye tope itahitaji mita 31. Na hapo sijahesabu ile sekunde moja ya dereva kushtuka kabla hajagusa breki, ambayo peke yake inakula mita 11.

Basi hicho ndicho kipimo cha mtengenezaji wa njia. Asitazame rangi ya tope ikampendeza akaridhika. Aweke alama, aendeshe kwa kilomita 40, afunge breki, ahesabu mita. Pikipiki ikisimama bondeni katika mita 8, namba yake ni ya uongo. Aishushe, ajaribu tena. Na abadilishe kipande kimoja kwa wakati mmoja, maana akibadilisha vyote kwa pamoja hatajua kipi kimemponya na kipi kimemharibia.

Lakini namba nne au tano hazitoshi kama hajui tabia ya udongo. Udongo mkavu ulioshindiliwa hushika vizuri, ila vikitapakaa juu yake vijiwe vidogo, tairi hukanyaga kama mtu aliyekanyaga mtama uliomwagika sakafuni. Udongo wenye unyevu kidogo hushikamana, na ndiyo maana waandaaji wa mashindano ya kweli hunyunyizia njia maji kabla ya mbio. Maji yakizidi, mambo hugeuka. Udongo wa mfinyanzi hujaa katikati ya kashata za tairi, na tairi jipya likawa sawa na kipara. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni hatari ya pekee, kwa sababu vumbi la juu hugeuka uji mwembamba wakati chini bado ni pagumu.

Madereva wa Safari Rally wanalijua hilo. Mashindano hayo yaliyoanza mwaka 1953 yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha nchini Kenya, magari yalikutana na vumbi laini lenye kina, mengine yakanasa. Hao ni mabingwa wa dunia, na bado hupita njiani kwanza kwa mwendo wa taratibu wakiandika kila kona kabla ya siku ya mbio.

Kuna jambo jingine ambalo michezo iliyotengenezwa vizuri hulifundisha. Mshiko ni kama fedha ya mfukoni. Ukiitumia yote kwa breki, haibaki ya kukatia kona. Ndiyo maana dereva anayefunga breki ya mbele kwa nguvu huku ameinama kwenye kona ya vumbi hujikuta chini kabla hajajua kilichomwangusha. Mwenye busara hupunguza mwendo pikipiki ikiwa bado imenyooka, kisha ndipo anaingia kwenye kona.

Na mzigo je? Mikungu mitatu ya ndizi ikifungwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito. Likipungukiwa na uzito linapungukiwa na mshiko, na usukani unakuwa mwepesi, hasa kwenye mlima. Dereva anasema pikipiki imekataa kona. Haikukataa, bali yeye ameipokonya uzito wa kushikia.

Ndugu msikilizaji, niliporudi kwa yule kijana jioni, alikuwa amekwisha kuishusha namba ya tope. Akajaribu, akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka. Mara ya tatu akapita polepole, akavuka. Akacheka, akaniambia, "Mzee, hapa ndipo nilipoangukia kweli mwaka jana, na abiria." Kisha hakucheka tena.

Hapo ndipo penye uzito wa mazungumzo yangu. Katika vijiji vingi bodaboda ndiyo gari la wagonjwa. Mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, anayeitwa ni kijana wa kijiweni. Yeye hana kitufe cha kuanza upya, na abiria wake hana pia. Kwenye kompyuta unaweza kuipandisha namba ya ardhi. Barabarani ardhi inakuja na namba yake, na mvua inaibadilisha bila kukuuliza.

Namba unayoweza kuibadilisha wewe dereva ni moja, nayo ni mwendo. Na hapa hesabu ina habari njema. Ukipunguza mwendo kwa nusu, umbali wa kusimama hupungua hadi robo. Pikipiki iendayo kilomita 20 kwa saa kwenye tope lile lile itasimama katika mita 8, sawa na ile ya kilomita 40 kwenye lami.

Wanaowafundisha vijana udereva wawafundishe hesabu hii, si alama za barabarani peke yake. Wanaohusika na barabara za vijijini nao wakumbuke kwamba mfereji wa kutoa maji na kifusi kilichoshindiliwa bondeni ni namba ya mshiko inayopandishwa kwa ajili ya kila apitaye. Na wewe abiria usione haya kumwambia dereva, "Mwanangu, hapa ni tope, punguza." Kuchelewa nusu saa na kufika ni bora.

Tukutane tena wiki ijayo.