Mawazo Yakikunasa Kama Ndoana

Leo hatuzungumzii malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya mawazo, yale ambayo watu wakimwona mama amekonda husema, "Huyu ana mawazo mengi."

Je, mawazo humfanyia nini mlezi? Tuchukue mfano wa mama aliyeanika omena asubuhi, kisha mvua ikanyesha na omena ikaharibika. Kesho ni siku ya kutoa pesa za chama. Usiku mtoto analia bila kunyamaza. Mwili wa mama uko na mtoto, lakini akili iko kwenye deni. Ananyonyesha, lakini mtoto hamwoni, anaona deni tu. Mtoto akilia tena, mkono unainuka kabla mama hajafikiri. Hapo ndipo mtoto hupigwa, au mtoto mchanga hutikiswa kwa nguvu. Kumtikisa mtoto mchanga kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo, kumpofusha au hata kumuua. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Sisi watu wa ziwani tunaijua ndoana. Samaki aliyenaswa akivuta kwa nguvu, ndoana inazidi kuzama. Mawazo nayo ni hivyo. Ukipigana nayo yanazidi, na ukiyafuata yanakuburuta usiku kucha. Lakini iko njia nyingine: kutambua kwamba umenaswa, kisha kurudi polepole kwenye jambo lililo mbele yako.

Njia hii ilitoka wapi? Ni mafundisho ya zamani sana. Karibu miaka 2,500 iliyopita, huko India, Buddha aliwafundisha watu kukaa kimya, kufuata pumzi zao na kuyatazama mawazo yakija na kwenda bila kuyang'ang'ania. Siku hizi hatuhitaji kwenda India kuwaona wanaofanya hivyo. Ng'ambo ya ziwa letu, Garuga karibu na Entebbe, kuna Kituo cha Wabuddha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita.

Watu wa tiba nao waliichukua njia hii. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, huko Massachusetts, Marekani, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, bila kuwahubiria dini. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha picha cha kuwasaidia watu wenye msongo wa mawazo, na ndani yake yamo mazoezi ya namna hii. Mafunzo hayo yalikuwa yamejaribiwa kaskazini mwa Uganda, katika kambi ya Rhino Camp, kwa wanawake wakimbizi karibu 700 kutoka Sudan Kusini. Baadhi yao walipata vikao 5 vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, wengine hawakupata. Baada ya miezi 3, waliopata mafunzo walikuwa na msongo pungufu kuliko wenzao. Mafunzo hayakuwarudisha kwao wala kuwapa pesa, lakini mzigo wa moyoni ulipungua.

Wengine mtauliza, "Sista, mimi ni Msabato," au "Mimi ni wa Legio Maria, je, si kuabudu miungu mingine?" Hapana. Pumzi ni ya kila mtu. Hapa hakuna sanamu wala maneno ya kuimba. Anayetaka kuanza kwa sala yake, Mkristo au Mwislamu, na aanze nayo.

Sasa tufanye pamoja. Kwanza, kaa vizuri, nyayo ziguse chini. Hata kama unanyonyesha unaweza. Pili, sikia hewa ikiingia puani na ikitoka. Usiilazimishe. Tatu, wazo likija, litaje kimoyomoyo: "Hili ni wazo la karo." Usiligombeze. Nne, rudi kwenye pumzi, au umtazame mtoto usoni. Ukipotea mara 20, rudi mara 20. Hujashindwa, maana kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Anza na dakika 3 kwa siku. Kama ukifumba macho unaona mambo mabaya yaliyokupata, yafumbue, kanyaga chini na utazame vitu vilivyo karibu nawe.

Mama asiye na nafasi ya kukaa anaweza kufanya hivi akiwa kazini. Ukichambua mboga, sikia majani vidoleni. Ukiparua samaki, sikiliza kisu.

Na mtoto akilia mpaka hasira ikupande? Mlaze chali mahali salama, sogea hatua chache, pumua mara 10, kisha rudi. Angalia kama ana njaa, amelowa au ana joto mwilini. Ikikushinda, mwite jirani akupokee.

Tafadhali tuelewane juu ya neno kuachilia. Kuachilia si kuacha kumpenda mtoto, wala si kupuuza ugonjwa. "Mtoto wangu atakufa kama yule wa jirani" ni wazo. Hilo liache lipite. Lakini joto mwilini si wazo. Hilo lataka uinuke umpeleke kituo cha afya leo. Akili iliyotulia hutofautisha mambo hayo mawili, na mama hupata nguvu ya kufanya lile linalowezekana. Vilevile, kuachilia si kuvumilia kipigo. Kama unapigwa nyumbani, usikae pale ukihesabu pumzi. Mwambie mtu unayemwamini, nenda kituo cha afya au kwa chifu.

Zoezi hili pia halichukui nafasi ya dawa. Anayetumia ARV, dawa za presha au za kifafa asiziache. Na kuna dalili ambazo zinahitaji mhudumu wa afya: huzuni inayoendelea wiki 2 au zaidi, kukosa usingizi hata mtoto akilala, au kutotaka kumshika mtoto. Ukipata wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, au ukisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, usingoje kesho. Mwachie mtoto mtu mzima unayemwamini, na mwingine akusindikize siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya Jaramogi hapa Kisumu, ile wengi wetu tunaiita "Russia". Huo ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na unatibika.

Kazi ya wiki hii, basi, ni moja: kila siku, mtoto akinyonya au chai ikichemka, pumua kwa dakika 3 na uhesabu umerudi mara ngapi. Mkikutana kwenye chama, elezaneni ilivyokuwa. Kwa leo tunaishia hapa.