Kwa nini kitu cha bei ya juu huonekana kizuri zaidi?

Kila msimu wa kupanda ukikaribia, wasikilizaji wetu huuliza: mbegu ya bei ya juu ndiyo bora? Swali ni la duka la pembejeo, lakini sehemu ya jibu ilipatikana ndani ya mashine ya hospitali huko Marekani.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, watafiti wa vyuo vya Caltech na Stanford, akiwemo Hilke Plassmann, waliwalaza watu 20 kwenye mashine ya MRI na kuwaonjesha mvinyo kwa mrija. (Wasiotumia kilevi watuvumilie.) Waliambiwa ni mvinyo wa aina tano, kumbe ni tatu tu. Ule wa dola 90 ulikuja mara kwa bei yake, mara kama wa dola 10. Wa dola 5 nao ulipandishwa hadi 45.

Walipodhani ni ghali, walisema ni mtamu zaidi. Na hawakuwa wanajikweza tu. Mashine ile huonyesha sehemu ya ubongo inayopata damu nyingi kwa sababu iko kazini. Sehemu ya mbele, juu ya macho, inayohusika na kufurahia kitu, ilichangamka zaidi bei ilipotajwa kuwa kubwa. Sehemu zinazopokea ladha yenyewe hazikubadilika. Ulimi ulileta taarifa ileile. Raha iliongezwa na bei.

Makampuni hutumia elimu hii kupima matangazo na pakiti kabla ya kuziingiza sokoni. Hakuna mashine ya kumlazimisha mtu anunue, na anayedai anayo anatafuta wateja. Hata hivyo Ufaransa, kwa sheria ya 2011, ilizuia picha za ubongo kutumika kibiashara. Nasi redio tunaishi kwa matangazo, kwa hiyo tusikilizeni hapo kwa tahadhari.

Mvinyo ukikudanganya, umepoteza glasi moja. Mbegu ikikudanganya, umepoteza msimu. Kwa hiyo dukani, kabla ya kuuliza bei, geuza mfuko: una lebo ya TOSCI? Tarehe ya mwisho wa matumizi haijapita? Aina hiyo inafaa mvua za kwenu? Kisha dai risiti, uitunze pamoja na mfuko mtupu hadi mahindi yaote. Yakigoma kuota, malalamiko yako yataanzia hapo.