Besi Yako Inapotea Kwa Simu? Soma Hii Kabla Uachilie Hiyo Ngoma

Umekesha kwa laptopu ukipika biti, na kwa hedifoni besi ni moto. Unamtumia msanii, anajibu: "Mbona haina besi?" Hakudanganyi. Kwa simu yake haiko. Na ju wasee wengi wataskia hiyo ngoma mara ya kwanza kwa simu, hapo ndio doo inakupita.

Kuongeza sauti hakutasaidia. Sikio la binadamu hushika mawimbi kuanzia Hz 20 hadi 20,000. Sabu, ile besi ya chini kabisa, hukaa kama kati ya Hz 20 na 60. Kaspika ka simu ni kadogo, hakawezi kusukuma hewa ya kutosha huko chini. So kama besi yako ni wimbi safi la Hz 55 pekee, kwa simu hutaskia kitu.

Dawa ni hamoniki. Weka distoshoni kiasi, na hiyo Hz 55 itazaa watoto: 110, 165, 220, 275 na kuendelea. Simu inaweza kucheza hao wa juu. Ubongo wako ukiskia wameachana kwa 55, unajijazia noti ya chini wenyewe. Yaani unaskia besi yenye spika haijatoa! Ndio maana maprodyuza wa trap na drill huchoma 808 na distoshoni. Mlio huo ulitoka kwa Roland TR-808, mashine ya Kijapani ya 1980, na mkia wake ni wimbi karibu safi kabisa.

Sasa panga kazi hivi:

1. Chagua noti poa. E ya chini ni kama Hz 41, A ni 55. Ukishuka chini ya hiyo E, hata wufa nyingi za keja zinachoka.

2. Tenganisha kiki na besi. Zikigonga pamoja zinamezana. Punguza besi kidogo kila kiki inapoingia, alafu irudi.

3. Weka sabu katikati, mono. Ukiitandaza kushoto na kulia, pande hizo mbili zinaweza kufutana ngoma ikichezwa kwa spika moja.

4. Safisha chini. Sauti ya msanii, gita na kinanda hazina kazi kubwa chini ya Hz 80. Kata, uachie besi nafasi.

5. Chunga sauti ya kumiksia. Mwaka wa 1933 huko Marekani, Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio hushika besi vibaya. Ukimiksi polepole usiku ju landilodi amelala, utajaza besi kupita kiasi, na kesho ngoma itavuma vibaya kwa nganya.

Kabla uachilie, icheze kwa simu, kwa earphone za soo mbili, alafu umwombe dere wa mtaani aiweke kwa mathree. Kama kwa simu unaweza kuimba melodi ya besi, na kwa mathree maneno ya msanii bado yanaskika, tuma hiyo ngoma. Na uitishe balansi yako kwanza.