Kuhesabu Alama si Kutazama Mpira

Siku hizi ukiingia katika kibanda chochote cha kuonyeshea mpira, kiwe cha Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, utaona jambo ambalo miaka 30 iliyopita halikuwapo. Bao linafungwa huko Uingereza, na kabla mfungaji hajamaliza kushangilia, watu kadhaa wameshainamisha vichwa kutazama simu zao. Wengine wanashangilia, wengine wanasonya, na huenda ukamwona mtu aliyevaa fulana ya Arsenal akitabasamu kwa siri pale Arsenal inapofungwa. Ukimwuliza kulikoni, atakwambia kwamba aliyefunga ni mchezaji wake.

Mchezaji wake kwa maana gani? Kwa maana ya timu ya kubuni, ile ambayo vijana huiita Fantasy. Leo ningependa tuutazame mchezo huo kwa makini. Watu wanacheza, na watazidi kucheza. Linalofaa kuulizwa ni hili: je, anayecheza mchezo huo anaufaidi mpira wenyewe zaidi, au pungufu?

Kwanza tujue ulikotoka. Mwaka 1962 Mmarekani Wilfred Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika klabu ya Oakland Raiders, pamoja na wenzake, walibuni namna ya kuunda timu za karatasi kwa kutumia majina ya wachezaji halisi wa mpira wa Kimarekani. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake wakafanya hivyo kwa besiboli mjini New York. Uingereza nayo ikaupata mchezo huo kwa upande wa kandanda mwaka 1991, ulipoanzishwa na Andrew Wainstein, na baadaye magazeti ya huko yakaudaka. Tangu msimu wa 2002/03, Ligi Kuu ya Uingereza ina mchezo wake rasmi, Fantasy Premier League, unaochezwa kwa intaneti. Kujiunga ni bure, na katika msimu wa 2024/25 waliojiandikisha duniani kote walipita milioni 11. Hapa kwetu Afrika Mashariki wamo wengi, na ofisi nyingi na vijiwe vingi vina ligi zao ndogo ambamo wenzi hushindana.

Kanuni zake si ngumu. Kila mshiriki hupewa pauni milioni 100, fedha za kubuni, ili anunue wachezaji 15: walinda mlango 2, walinzi 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Kila wiki hupanga wachezaji 11, tena anapaswa kuwa amemaliza dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza kuanza. Mmoja humteua kuwa nahodha, na alama za huyo huzidishwa mara mbili. Kisha wachezaji wale wanapoingia uwanjani, kila wanachofanya hugeuzwa kuwa hesabu. Bao la mshambuliaji ni alama 4, la kiungo 5 na la mlinzi 6. Pasi iliyozaa bao ni alama 3. Mlinzi akicheza dakika 60 bila timu yake kufungwa anapata 4. Kadi ya njano inapunguza 1, nyekundu inapunguza 3.

Sasa tuchukue mfano mmoja ambao wapenzi wengi wa kandanda wanaukumbuka. Msimu wa 2015/16 Leicester City, klabu ambayo mwaka uliotangulia iliponea chupuchupu kushuka daraja, ilitwaa ubingwa wa Uingereza kwa pointi 81, ikiiacha Arsenal nyuma kwa pointi 10. Katika timu ile walikuwamo wachezaji wawili wa kiungo ambao wanaweza kutufundisha mengi: Riyad Mahrez na N'Golo Kanté.

Mahrez alianza msimu akiuzwa kwa pauni milioni 5.5 tu katika mchezo ule wa kubuni, yaani miongoni mwa wachezaji wa bei ya chini. Mtu mwenye kutafuta wachezaji rahisi alimkuta mapema, na kwa ajili yake akaanza kuitazama Leicester wakati ambapo watazamaji wengi walikuwa bado wanaidharau. Aliyeona mguu wake wa kushoto mwezi Agosti hakushangaa sana mwezi Mei, Mahrez alipomaliza ligi na mabao 17 na kuchaguliwa na wachezaji wenzake kuwa mchezaji bora wa mwaka.

Hapo ndipo ilipo faida ya kweli ya mchezo huu. Unamtoa mtu katika klabu nne au tano kubwa na kumpeleka kwenye zile ambazo asingezijali. Anajua mlinda mlango wa Brentford ni nani, anajua mlinzi yupi wa Bournemouth hupanda mbele kwenye mipira ya kona, anafuatilia majeruhi na ratiba. Hata mechi ya sare ya bila kwa bila, ambayo zamani ilimfanya asinzie, sasa humweka roho juu, maana kila shuti linalookolewa linalinda alama zake. Mtu wa namna hiyo amejifunza mpira, na tusimnyime haki yake.

Lakini tumgeukie Kanté. Msimu ule alicheza mechi 37 za ligi akafunga bao 1. Ukihesabu mabao peke yake, Mahrez aliwapa wenye timu za kubuni alama 85, na Kanté akawapa 5. Mwenye kumtazama Kanté katika simu angedhani ni mtu wa kujazia nafasi. Waliokuwa uwanjani waliona vingine. Aliongoza ligi nzima kwa kupokonya mipira na kwa kunasa pasi za wapinzani. Ndiye aliyeiwezesha timu ile kuwaachia wapinzani mpira bila hofu, kisha kuwanyang'anya na kuwashambulia ghafla. Na mipira mingi iliyomfikia Mahrez ilikuwa imepita kwanza katika kazi ya Kanté. Msimu uliofuata akahamia Chelsea, akafunga tena bao 1 la ligi, Chelsea ikawa bingwa, na safari hii wachezaji wenzake wakamchagua yeye kuwa mchezaji bora wa mwaka. Wanaocheza mpira walijua thamani yake. Hesabu za simu hazikuijua.

Jambo la kuzingatia ni kwamba kwa msimu wa 2025/26 wenye mchezo waliongeza kanuni mpya. Mlinzi anayetimiza vitendo 10 vya kuzuia katika mechi moja, yaani kuondosha hatari, kukinga mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira, hupewa alama 2. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa kutimiza 12, na wao huhesabiwa pia mipira iliyopotea wakaiokota. Kazi ya akina Kanté haikuanza mwaka 2025. Ilikuwapo siku zote, ila ilikuwa haihesabiwi. Basi mwenye kutazama kwa alama hutazama kwa macho ya aliyetunga kanuni, na kanuni ikibadilika, naye huona kingine. Hata leo hakuna alama ya mchezaji anayekimbia bila mpira ili amvute mlinzi na kumfungulia mwenzake njia, wala ya nahodha anayewatuliza wenzake baada ya kufungwa.

Hasara ya pili ni ya moyo. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mpenzi wa timu anapomteua mshambuliaji wa wapinzani kuwa nahodha wake wa wiki, huingia katika mechi na matakwa mawili yanayogombana. Anataka timu yake ishinde, na anataka yule mtu afunge. Atakwambia kwamba anaomba matokeo yawe 3 kwa 1 ili apate yote mawili. Pengine atapata, lakini furaha yake itakuwa imekatwa nusu, na uchungu wake pia. Sasa utamu wa ushabiki unatokana na mtu kujitoa mzima mzima kwa dakika 90, akipanda na kushuka pamoja na timu yake. Vivyo hivyo, timu yake inaongoza 3 kwa 0, wapinzani wanapata bao la kufutia machozi dakika ya 90, na yeye anarudi nyumbani amenuna kwa sababu walinzi wake wamepoteza alama zao. Ushindi alioungoja wiki nzima umemtoka mkononi akiwa ameushika.

Tatu, mchezo huu unabadili hata namna ya kutazama. Huko Marekani, mwaka 2009, ilianzishwa chaneli ya televisheni iitwayo NFL RedZone, inayoruka kutoka uwanja hadi uwanja kila timu inapokaribia kufunga. Kwa mwenye wachezaji waliotawanyika katika mechi nyingi, ni chombo kinachomfaa sana. Lakini mtazamaji hupewa matunda bila mti. Haoni jinsi timu ilivyojenga shambulio, wala jinsi nyingine ilivyochoka kidogo kidogo mpaka ikavunjika. Kijana wetu anayetazama mechi moja huku akifuatilia nyingine tano kwenye simu amejitengenezea chaneli ya namna hiyo yeye mwenyewe.

Liko na jambo zito zaidi. Tarehe 2 Januari 2023, katika mji wa Cincinnati, mchezaji Damar Hamlin wa Buffalo Bills alianguka uwanjani baada ya kugongana na mpinzani. Moyo wake ulikuwa umesimama. Waganga walimhudumia palepale mbele ya wenzake waliokuwa wakilia, na mechi ikavunjwa, wala haikurudiwa. Wiki hiyo ndiyo ambayo ligi nyingi za kubuni za Marekani huamua bingwa wake, na hesabu za wengi zilikuwa zikiingojea mechi hiyo. Usiku ule ulimkumbusha kila mtu kwamba jina lililo katika orodha yake ni la mtoto wa watu. Hamlin, tunashukuru, alipona na akarudi uwanjani mwaka uleule. Hata hivyo, nasi tujiulize: tunaposikia kwamba mchezaji ameumia goti, neno la kwanza linalotutoka ni pole, au ni nani wa kumweka badala yake?

Kwa sisi wa huku liko na la nyumbani. Uwanja wa mtaani hauna alama, na mechi ya vijana wa kata haimletei mtu chochote kwenye simu. Aliyezoea kutazama kwa hesabu akipita hapo huona vumbi tu. Lakini huenda katika vumbi hilo yupo kiungo anayesafisha kila kitu mbele ya walinzi wake, asiyefunga na asiyetajwa, akingoja jicho la kumwona. Mpira wetu hukua kwa macho ya namna hiyo.

Sisemi watu waache mchezo wa kubuni. Nasema wauweke mahali pake. Panga timu yako, ufurahi na wenzako ofisini, lakini usiingize humo fedha ya matumizi ya nyumbani. Usimpe unahodha mtu anayecheza dhidi ya timu unayoipenda. Kisha kila wiki chagua walau mechi moja uitazame kuanzia mwanzo hadi mwisho, simu ikiwa mfukoni. Katika mechi hiyo mchague mchezaji mmoja asiye na alama nyingi, umfuate kwa dakika 10, hata pale mpira ulipo mbali naye. Tazama anasimama wapi, anamwambia nani nini, anaziba pengo gani. Utauona mpira ambao simu haikuwahi kukuonyesha, na Jumamosi ijayo hata timu yako ya kubuni utaipanga vizuri zaidi.